Jumba la Nyaraka Mjini Nairobi: Mafundisho kwa Wasafiri wa Maonyesho

Kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, Maonyesho makubwa ya Kilimo na Biashara hufanyika Nairobi katika uwanja wa Jamhuri, upande wa barabara ya Ngong. Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho asili yake ni ya mwaka 1901, ndicho kiyaandaacho. Wakulima, walimu na wanafunzi huyaendea kutoka pande zote za nchi. Mtu wa Rodi Kopany naye, akiisha kuuza mahindi au miwa yake, hupanda gari katika njia panda ya Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, akapita Kisii na Narok, hata akafika mjini amechoka. Huko hutazama ng'ombe wa daraja, mbegu mpya na mitambo, kisha hugeuza njia kurudi kwao.

Safari hiyo ina gharama, na mwenye busara hutaka ichume faida zaidi ya moja. Katikati ya mji lipo jengo la kale ambalo humfaa mkulima kama vile limfaavyo mwanachuoni. Maelfu hupita mbele yake kila siku, wengine hulifanya alama ya kukutania tu, wala hawajui yaliyomo ndani.

JENGO LENYEWE

Jengo hilo ni Jumba la Nyaraka za Taifa, ambalo wenyeji wa mji hulitaja kwa ufupi "Archives". Limesimama baina ya Moi Avenue na barabara ya Tom Mboya, likielekea lile jengo refu la mviringo lililokuwa hoteli ya Hilton hadi ilipofungwa mwaka 2022. Kuta zake nene na nguzo zake za mbele zaonyesha kazi yake ya kwanza: lilijengwa kuwa nyumba ya benki katika siku za ukoloni. Mahali palipowekwa fedha sasa pamewekwa kumbukumbu, nazo pia ni mali ya kutunzwa kwa kufuli. Idara ya Nyaraka yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, miaka miwili baada ya Uhuru.

Hatua chache kutoka mlangoni imesimama sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa Oktoba 2011. Mtu wa Homa Bay haifai aipite bila kutua. Mboya, ambaye jamaa zake ni wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katika Moi Avenue, ambayo wakati huo iliitwa Government Road. Kaburi lake liko Rusinga. Hivyo wenye kulizuru kaburi huko kisiwani wanaweza kuja hapa kuona mahali alipouawa, na habari ikawa kamili.

MKUSANYO WA MURUMBI

Katika ukumbi wa chini mgeni hukuta mkusanyo wa Joseph Murumbi. Murumbi alizaliwa mwaka 1911. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais kwa muda mfupi, akimfuata Oginga Odinga, kabla ya kujiuzulu. Alikusanya vitu vya Afrika: vinyago, vinyago vya kuvaa usoni, nguo zilizofumwa, mapambo, silaha, stempu na maelfu ya vitabu. Alipotaka kuviachia vingine, aliuzia serikali ya Kenya badala ya kuviacha viende ng'ambo. Alifariki mwaka 1990.

Mkulima aweza kuuliza, "Vinyago vya Afrika Magharibi vyanihusu nini?" Jibu ni kwamba vitu hivyo vyafundisha kulinganisha. Mwenye kutazama kigoda, ngao au chombo cha kutilia maziwa cha watu wa mbali, humrudia akilini kigoda cha babu yake kilichotupwa nyuma ya nyumba. Hapo ndipo hutambua kwamba kitu hakiwi cha thamani kwa kuwa kimewekwa ndani ya kioo. Kimewekwa ndani ya kioo kwa sababu palikuwa na mtu aliyejua thamani yake kabla hakijapotea.

NYARAKA ZA WILAYA

Hazina kubwa zaidi haionekani ukumbini. Ni mafaili ya serikali, ambayo msomaji huyaomba katika chumba cha kusomea. Sehemu za Homa Bay na Migori zilikuwa katika wilaya iliyoitwa South Kavirondo na baadaye South Nyanza, ambayo kwa miaka mingi ilitawaliwa kutoka Kisii. Kwa hiyo mtu wa Rodi Kopany atafutaye habari za kwao asishangae akiambiwa atazame mafaili yenye alama ya DC/KSI, yaani ya Mkuu wa Wilaya aliyekaa Kisii, na yale ya PC/NZA, yaani ya Mkuu wa Jimbo la Nyanza. Kwa kawaida hati hufunguliwa kwa umma zikiisha kutimiza miaka 30.

Ndani yake mna taarifa za kila mwaka, barua za machifu, hesabu za kodi ya kibanda, habari za njaa, za barabara na za mipaka ya lokesheni. Lakini msomaji asitazamie kupata humo hati miliki ya shamba lake. Hati hizo hutunzwa katika ofisi za ardhi.

Yampasa pia asome kwa hadhari. Walioandika taarifa hizo walikuwa watawala. Waliandika waliyotaka wakubwa wao wayasikie, na majina ya watu na mahali waliyaandika kama masikio yao yalivyoyapokea. Hata jina "Kavirondo" ni la wageni. Wajaluo hawakujiita hivyo. Kwa upande mwingine, wazee wa Kanyamwa husimulia habari za Gor Mahia, chifu na mganga mashuhuri, na masimulizi huongezeka chumvi kila yapitapo kinywa kipya. Karatasi ina upungufu wake na simulizi ina upungufu wake. Mwenye kuziweka zote mbili mezani ndiye akaribiaye ukweli.

KWA NINI KARATASI ZINA NGUVU

Wako wasemao kwamba karatasi za kale ni chakula cha mchwa. Kisa kifuatacho chatosha kuwajibu.

Kabla ya Uhuru wa mwaka 1963, watawala wa Kiingereza waliteketeza mafaili fulani ya Kenya, na mengine wakayasafirisha kwenda Uingereza. Kwa karibu miaka 50 yalifichwa huko. Kisha wazee wa Kenya walioteswa katika kambi wakati wa vita vya Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza katika mahakama ya London. Katika kesi hiyo, mwaka 2011, serikali hiyo ilikiri kwamba mafaili ya Kenya yapatayo 1,500 yalikuwa yamehifadhiwa mahali paitwapo Hanslope Park. Yaliyoandikwa humo yaliyapa nguvu maneno ya wazee. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Mafundisho ya kisa hiki ni wazi. Wazee wale walikuwa na makovu na ushahidi wa vinywa vyao, lakini miaka mingi walibishiwa. Karatasi zilipopatikana, ubishi ulipungua. Basi mwenye kutunza karatasi hutunza haki ya watu ambao pengine hawajazaliwa.

JINSI YA KULIZURU

Afadhali mgeni aende siku ya kazi, asubuhi, kabla ya kwenda uwanjani Jamhuri au siku iliyo baada yake, kwa maana katika sikukuu na siku za mapumziko ofisi za serikali hufungwa. Achukue kitambulisho na fedha kidogo za kiingilio. Mzigo mkubwa auache alikofikia. Mwenye kutaka kusoma mafaili achukue penseli na daftari, kwa kuwa wino ukidondoka juu ya hati hautoki tena. Tena awe ameandika nyumbani jambo alitafutalo: jina la chifu, la lokesheni, na miaka inayohusika. Aendaye bila swali hurudi bila jibu.

Walimu wenye kuwaongoza watoto wawagawe katika vikundi vidogo, na kila mtoto achague kitu kimoja akichore na kueleza matumizi yake. Kuona vitu vitatu na kuvikumbuka ni bora kuliko kuona mia na kuvisahau kabla gari halijafika Narok.

Wasafiri warudipo Rodi Kopany, kazi haijaisha. Vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi, barua na picha zilizo ndani ya masanduku ya akina nyanya zitolewe, zikung'utwe vumbi, majina yaandikwe kwa penseli nyuma ya picha, kisha zihifadhiwe mahali pakavu wakati wazee wajuao nyuso zile wangali hai.

MASWALI YA KUZUNGUMZIWA

1. Kwa nini mafaili ya Homa Bay na Migori hutafutwa kwa alama ya Kisii?
2. Taja upungufu mmoja wa karatasi na mmoja wa masimulizi.
3. Mafaili ya Hanslope Park yaliwasaidiaje wazee katika kesi yao?
4. Ni kitu gani nyumbani kwako ambacho, kikipotea leo, hakuna atakayeweza kukieleza kesho?