Muda Ndani ya Picha: Filamu Fupi, Katuni na Simu ya Mkononi

Katika diko la Tumbe, wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, samaki huteremshwa na kunadiwa, nyavu hutengenezwa, na vyombo hupandishwa pwani kwa matengenezo. Mtu mwenye simu ya mkononi aweza leo kuyanasa yote hayo kwa picha zinazotembea. Zamani kazi hiyo ilihitaji kamera ya milimita 16, fundi aliyeifahamu, na maabara ya kusafishia filamu. Mwaka 2005 mjini Paris lilianzishwa tamasha la Pocket Films kwa ajili ya filamu zilizopigwa kwa simu tu. Na mwaka 2015 filamu ndefu ya Marekani iitwayo Tangerine, iliyopigwa kwa iPhone 5s, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance. Karibu zaidi na Tumbe liko Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoasisiwa mwaka 1997 na kufanyika mara ya kwanza mwaka 1998, ambalo limezipa nafasi filamu fupi na za katuni kando ya filamu ndefu. Ukumbi wake mashuhuri ni uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe, na katika baadhi ya miaka filamu zake zilipelekwa hata vijijini, Unguja na Pemba.

Lakini kati ya kioo cha simu na kitambaa cha ukumbini pana tofauti ambayo wengi huigundua wakati umekwisha pita. Kioo chenye upana wa sentimita 14 kikikuzwa hadi kitambaa cha mita 7, kila kitu huwa kikubwa mara 50. Mtikisiko wa milimita moja, ambao mpigaji hakuuona, huwa mruko wa sentimita 5 mbele ya watazamaji. Dosari nyingine hazihusu ukubwa bali muda, nazo ndizo zisizofahamika vyema.

JICHO NA UBONGO

Filamu haina mwendo. Ni mfululizo wa picha tuli, kwa kawaida 24 au 25 au 30 kwa kila sekunde. Vitabu vingi vya shule vilieleza kwamba picha hubaki katika retina kwa kitambo kidogo, na kwa hiyo huungana na ile inayofuata. Maelezo hayo hayatoshi. Lau picha zingebaki na kurundikana, mtazamaji angeona mchafuko wa picha juu ya picha. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha kwamba mistari miwili ya nuru inayowashwa mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi ya milisekunde 60 hivi, huonekana kama mstari mmoja unaohama. Mwendo huo haumo katika nuru wala katika retina. Ubongo ndio unaoutunga. Kumeta ni suala jingine. Picha 24 kwa sekunde zatosha kuleta mwendo lakini hazitoshi kuondoa kumeta, na ndiyo sababu projekta za filamu za zamani ziliikata nuru mara mbili kwa kila picha, macho yakapata mimweko 48.

DAU LA UDONGO

Mtengenezaji wa katuni huutawala muda wote huo kwa mkono wake. Filamu ya dakika 3 ina picha 4,320. Wengi hushikilia kila mchoro kwa picha mbili, hivyo kazi hupungua hadi michoro 2,160, ambayo bado si kidogo.

Mathalani mwanafunzi ana dau la udongo mezani na simu iliyofungwa imara juu ya kigingi. Ataka dau lisafiri sentimita 60 kwa sekunde 4, kwa picha 12 kila sekunde. Picha ni 48, na kila hatua ni sentimita 1.25. Akifuata hesabu hiyo bila kubadili, dau lake litakwenda kama kisanduku kinachovutwa kwa kamba, kwa sababu chombo halisi hakianzi safari kwa mwendo kamili. Hatua za mwanzo hazina budi kuwa ndogo, labda milimita 2, kisha 4, kisha 7; za katikati zizidi wastani; za mwisho zipungue tena.

Halafu kuna jua. Ikiwa kila picha huchukua nusu dakika kuitayarisha, picha 48 huchukua dakika 24, na katika muda huo jua husogea nyuzi 6 angani. Katika filamu ya sekunde 4 kivuli cha dau kitaonekana kikikimbia, na kila wingu lililopita litakuwa mmweko wa giza. Kazi hiyo yafaa ifanywe chumbani kwa taa moja isiyohamishwa, na simu izuiwe kujirekebishia mwangaza kila mara mkono unapopita mbele yake.

Kwa njia hii ya picha moja moja Jean-Michel Kibushi wa Kongo alihuisha, mwaka 1991, hadithi ya chura aliyekwenda ukweni. Norman McLaren wa Kanada alikuwa amekwisha itumia kwa watu hai katika Neighbours ya mwaka 1952, wakasogea kama vikaragosi. Ng'endo Mukii wa Kenya, katika Yellow Fever ya mwaka 2012, aliichanganya na michoro ya mkono ili kueleza habari za wanawake wanaojichubua ngozi. Filamu za majaribio kama hiyo huvunja kanuni za muda kwa makusudi. Apendaye kuvunja kanuni, hata hivyo, hana budi kuijua kwanza. Vinginevyo watazamaji huona kosa tu.

TAA ZA MIA KWA SEKUNDE

Mwaka 2010 Pemba iliungwa na gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Umeme wa gridi hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Taa za mirija, na taa nyingi za bei nafuu za siku hizi, hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, simu huona.

Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde. Mia ukigawa kwa thelathini ni tatu na theluthi, kwa hiyo kila picha huanzia mahali tofauti katika mpigo wa nuru, na mpangilio hujirudia kila baada ya picha tatu. Endapo muda wa kupokea nuru haulingani na mapigo hayo, ukutani huonekana mpwito wa mara 10 kwa sekunde, unaochosha macho. Dawa yake ni kuufanya muda wa kila picha uwe sehemu moja ya 50 au ya 100 ya sekunde, ili kila picha ipate mapigo mazima, mawili au moja. Simu iliyopangwa kwa nchi ambazo umeme wake ni wa mizunguko 60 hupendelea sehemu moja ya 60, na mpigo hukatwa katikati. Karabai, ambayo haiwashwi kwa umeme, haina tatizo hilo. Ni ajabu kidogo kwamba matangazo ya simu husifu wingi wa pikseli na kunyamaza kimya kuhusu muda.

Giza nalo lina hila yake. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, na simu inapokosa nuru, mara nyingi hupunguza yenyewe idadi ya picha, kutoka 30 hadi 24 au pungufu, bila kumwarifu mtu. Sauti haipungui. Filamu hiyo ikiunganishwa baadaye kwa kasi moja isiyobadilika, maneno na midomo huachana.

Yafaa kukumbuka pia kwamba sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Fundi akigonga msumari mita 34 kutoka kwenye simu, mlio hufika sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya nyundo kuonekana ikitua, sawa na picha 3. Hapo simu haina kosa, asogee mpigaji.

MINAZI INAYOINAMA

Simu nyingi hazipokei picha nzima kwa pamoja. Bamba lake la nuru husomwa mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, na kazi hiyo yaweza kuchukua milisekunde 20. Mpigaji akigeuza simu upesi kuifuata ngalawa, kichwa cha mnazi hunaswa mapema na shina lake baadaye kidogo, simu ikiwa imekwisha geuka. Mnazi ulionyooka huonekana umelala. Mafundi wa filamu za majaribio huweza kuupenda mnazi huo. Anayetaka kuhifadhi kumbukumbu ya kweli ageuze mkono polepole, au aitue simu na kukiacha chombo kipite.

Kwa fundi wa vyombo mambo haya si ya anasa. Chombo huweza kuundwa kwa miezi mingi, lakini hushuliwa mara moja. Kwa vyombo vizito husubiriwa maji ya bamvua, ambayo hurudi kila baada ya siku 14 au 15. Kamba zikivutwa na mkuku ukigusa maji, yote huisha kwa dakika chache. Simu yafaa iwe imefungwa mahali pake kabla maji hayajajaa, mwangaza na muda vimekazwa, kumbukumbu yake ina nafasi, na mpigaji amesimama upande ambao jua haliko mbele ya lenzi. Bamvua ijayo itakuwapo, lakini mchangani kitakuwa chombo kingine.