"Mpango wa Kando" na Taswira ya Mwanamke Mpakani: Busia na Malaba

Je, matangazo ya serikali yanaweza kubadili mtazamo wa jamii kuhusu mwanamke? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa kuchunguza ujumbe wa tangazo. Makala haya yanachunguza sarufi yake, kwani humo ndimo mtazamo unamojificha.

Nchini Kenya, "mpango wa kando" ni msemo wa mtaani wenye maana ya mpenzi wa nje ya ndoa. Kampeni za kupambana na UKIMWI ziliuazima: kwanza "Wacha Mpango wa Kando", baadaye "Weka Condom Mpangoni". Mpenzi huyo ni mtu, lakini nomino inayomtaja imo katika ngeli ya U-I, pamoja na mti na mkeka: mpango huu, mipango hii. Kitenzi "wacha" kinamsemesha mwenye mpango. Mpango wenyewe hausemeshwi. Katika kaulimbiu ya pili, kiambishi -ni kinamgeuza mtu kuwa mahali kabisa. Ni kweli kwamba "mpangoni" pia hudokeza ratiba, na uchezaji huo wa maneno ndio uliolipa tangazo mvuto. Hata hivyo, aliyechezewa ni nani?

Mpakani swali hilo si la darasani tu. Malaba, malori yatokayo Mombasa yamezoea kupanga foleni yakisubiri forodha, na madereva hulala hapo. Jirani yao yuko mwanamke anayepika na mwingine anayekodisha vyumba. Busia yuko yule anayevusha samaki, mayai au nyanya, ambaye akihofia kusumbuliwa hupita njia za panya. Macho ya wapita njia huwatia wote katika kapu moja: mwanamke wa mpakani, yaani wa kupatikana. Tangazo linalomwambia dereva auache mpango wake halipingi dhana hiyo. Linamwonya dhidi ya mwanamke kana kwamba ni shimo barabarani.

Mwaka 2013 mambo yaligeuzwa. Tangazo la televisheni, lililodhaminiwa na wizara ya afya pamoja na misaada ya Marekani na Uingereza, lilimwonyesha mwanamke aliyeolewa akishauriwa na mwenzake atumie kondomu na mpenzi wake wa nje. Sasa mwanamke ndiye mtenda; mwanamume ndiye mpango. Viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, walilalamika kwamba linahimiza uzinzi, na mwezi Machi likaondolewa. Yupo atakayesema kwamba kaulimbiu ya kwanza ilikataza na ya pili iliruhusu; hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa kuliondoa, dola ilimnyang'anya mwanamke nafasi ya mtenda iliyokuwa imempa, na msemo ukabaki mtaani na maana yake ya zamani.

Busia kuna maandishi mengine ya serikali, yasiyo na picha wala kaulimbiu. Kituo cha huduma za pamoja mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara, mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani. Katika fomu hiyo mwanamke ni mfanyabiashara, nomino ya ngeli ya A-WA, na karani hana budi kumwuliza jina lake.