Kasuku anapotafuta kiota ndani ya nyumba



Ndugu msomaji, safu yetu wiki hii inawahusu wanaofuga kasuku majumbani. Kufuga ndege si haramu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (RA) kuwa mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kidege cha kuchezea, na Mtume (SAW) hakumkataza, bali alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari zake. Lakini tusisahau pia hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha. Aliyefungiwa ni amana.

Wengi huwa na raha na kasuku wao mpaka anapopevuka. Hapo ndege mpole huanza kuuma watoto, kupiga kelele, kuchanachana karatasi na kujificha chini ya kochi au ndani ya kabati. Wengine humtapikia chakula mtu wanayempenda. Huo si ukorofi wala jini. Ndege anatafuta mwenza na kiota. Kumpiga au kumnyima chakula ni dhulma, na hakumtibu.

Kinachomchochea

Mara nyingi chanzo ni sisi wenyewe. Kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana, lakini taa na televisheni zikiwaka hadi saa sita za usiku, mwili wa ndege huhesabu siku ndefu, yaani msimu wa kutaga. Tukiongeza boksi lenye giza, vyakula laini vya moto na kumpapasa mgongoni, tumemwambia kuwa kila kitu kiko tayari.

Jike hutaga hata bila dume, kama kuku wa mayai wa kisasa. Mayai hayo hayaanguliwi, lakini kila ganda linatumia chokaa ya mifupa yake. Akitaga mfululizo hudhoofika, na yai linaweza kumkwama.

Tufanye nini?

1. Baada ya Maghrib, funika tundu kwa kitambaa kinachopitisha hewa, mahali pa utulivu. Apate giza la saa 10 hadi 12.

2. Ondoa maboksi na vitambaa tunduni, na umzuie kuingia makabatini na chini ya makochi.

3. Mpapase kichwani tu. Usiguse mgongo, chini ya mbawa wala mkia.

4. Usimlishe alizeti peke yake. Mpe mboga za majani, karoti, na mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, baada ya kuuchemsha na kuukausha. Parachichi ni sumu kwake.

5. Akishataga, usimnyang'anye mayai papo hapo, kwani atataga mengine kufidia. Mwachie mpaka ayachoke mwenyewe. Abu Daud amepokea kuwa Masahaba walipochukua makinda ya ndege safarini, naye akawa anahangaika, Mtume (SAW) aliamuru arudishiwe.

Ukimwona amekaa chini ya tundu, manyoya yamevimba, anajikamua na mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, huenda yai limekwama. Mweke mahali pa joto na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usijaribu kulikamua kwa mkono. Likipasukia ndani linaweza kumuua.

Usafi wa nyumba na ibada

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, kinyesi cha ndege ni najisi. Tundu lisiwe karibu na miswala, na kinyesi kikiangukia nguo kioshwe kwa maji mpaka kiondoke.

Kiafya pia kuna hatari. Vumbi la kinyesi kikavu na manyoya linaweza kuwa na bakteria wa homa ya kasuku. Mtu huugua kwa kawaida siku 5 hadi 14 baada ya kulivuta: homa, kichwa, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu. Ni rahisi kudhaniwa malaria. Kwa hiyo ukienda zahanati, mwambie mganga kuwa nyumbani kuna kasuku. Ugonjwa huu una dawa, lakini ukicheleweshwa huingia mapafuni na unaweza kuua.

Usifagie kinyesi kikavu. Kilowanishe kwanza, jifunike pua na mdomo, kisha nawa kwa sabuni. Tundu lisikae jikoni wala chumba cha kulala. Mjamzito asilisafishe, na mtu yeyote asimlishe ndege mdomo kwa mdomo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha aulizie sindano ya pepopunda.

Ndugu zangu, asiyeweza kumpa ndege giza la usiku, chakula sahihi na tundu safi, ni bora asimfungie tangu mwanzo.

Tukutane toleo lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.