SOMO LA HADISI FUPI: NANI ANASIKIA?

Ndugu wanafunzi, katika hadisi fupi chombo cha kuongea si pambo. Kinaamua neno gani mtu atasema, na neno gani atalificha.

Tuchukue mfano wa kwetu. Msichana anasoma Butembo, baba yake iko Beni, kilometa zaidi ya 50. Amefukuzwa darasani juu ya minerval. Atamwambia namna gani?

1. Barua. Anaipa chofere. Anaandika yote, hata machozi, lakini jibu litakawia. Hadisi inakuwa ya kungojea.

2. Fonie, ile radio ya kusemea mbali. Mbele ya telefone za mkono kuenea kwetu katika miaka ya 2000, watu walipanga mstari kwa fonie. Mmoja anasema, mwingine ananyamaza, na wote walio pale wanasikia. Kwa haya, msichana atasema: « Papa, tuko wazima, lakini kalamu imeniishia. » Baba ataelewa? Hapo ndipo hadisi iko.

3. Telefone. Anajitenga nyuma ya nyumba, anasema wazi. Lakini unite zinaisha kabla baba hajajibu. Amekataa, ao ni unite tu?

Mfaransa Jean Cocteau, katika mchezo wake La Voix humaine wa 1930, anatusikilizisha mwanamke peke yake kwenye telefone. Maneno ya mwanaume tunayabahatisha wenyewe.

Kazi: Andikeni mazungumzo ya msichana na baba mara mbili, kwa fonie na kwa telefone. Kama maneno ni yale yale, anzeni tena.