SOMO LETU: NYIKA NI NINI?

Masomo: Mwanzo 21:8-21; Isaya 40:3; Mathayo 3:1-3



Hapa Mibirizi tunaona milima ya kijani, migomba na kahawa. Mashariki kuna msitu wa Nyungwe. Magharibi, ng'ambo ya mto Rusizi, ni Kongo. Nyika hatuioni. Ndiyo sababu watoto wa Shule ya Jumapili walituuliza: Yohana Mbatizaji alihubiri wapi? Msituni? Kwenye mchanga?

1. Maana ya neno

Msitu ni miti iliyosongamana. Pori ni nchi isiyolimwa. Nyika ni nchi iliyo wazi, yenye majani, vichaka na miti michache. Aliyefika Akagera, mashariki mwa Rwanda, ameiona. Wenye Biblia ya Kinyarwanda husoma "ubutayu".

2. Katika Biblia

Waebrania walisema "midbar". Biblia yetu ya Kiswahili hulitafsiri mara nyika, mara jangwa. Lakini si mchanga mtupu. Ndiko wachungaji walikopeleka mifugo: Musa alichunga huko (Kutoka 3:1), na kondoo wa Daudi walikuwa huko (1 Samweli 17:28).

Hajiri naye alifika huko, akiwa amefukuzwa na mtoto wake, akiwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha, alimlaza mtoto chini ya kijiti, akakaa mbali asimwone akifa. Mungu akaisikia sauti ya mtoto, akamfumbua mama macho, akaona kisima. Mtoto akakulia huko huko, Mungu akiwa pamoja naye. Hawakurudishwa nyumbani, wala hawakuachwa.

3. Tuangalie ndimi zetu

Zamani watu wa pwani ya Kenya waliwaita majirani zao "Wanyika", yaani watu wa porini. Lilikuwa jina la dharau. Wenyewe leo hujiita Mijikenda, maana yake miji tisa, kwa kuwa ni jamii 9.

Nasi tunajua uchungu huo. Mtoto wetu mmoja alirudi kutoka shule akilia, kwa sababu wenzake walimwita mtu wa porini. Tulimhurumia. Lakini tukiri pia: familia mpya zilipofika na nguo zilizochakaa, baadhi yetu tulisema neno lile lile. Tutubu. Mtu hageuki pori kwa sababu amelala porini.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Tulipokimbia, ni nani alikuwa kisima kwetu?
2. Ni familia gani mpya ambayo hatujaitembelea?
3. Tutamwambia nini mtoto anayeitwa mtu wa porini?

Wazazi, someni habari ya Hajiri pamoja na watoto jioni, kisha kila mtu ajibu swali moja. Mungu aliyemwona Hajiri atuone na sisi. Amina.