Kabla hujamwacha mtoto akacheze kwa wenzie

Ijumaa jioni ndipo mialiko inapoanza kuingia kwenye simu. "Mama nanii, kesho mlete mwanao acheze na mwenzie, wewe kaendelee na mihangaiko yako, utampitia jioni." Kwa mzazi wa Dar es Salaam anayeshinda kazini na kwenye foleni wiki nzima, ujumbe kama huo ni neema. Nina watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu, mwingine chekechea, na marafiki zao wengi wanakaa mbali na kwetu. Wazazi wa marafiki hao nawafahamu kwa kusalimiana getini shuleni na kwa picha zao kwenye kundi la WhatsApp la darasa, basi. Ndiyo maana nimejiwekea utaratibu, nami nauandika hapa kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye likizo imemkuta na mialiko mkononi hajui aanzie wapi.

Wapo wanaoniambia nazidisha. Wananikumbusha kwamba sisi tulicheza mtaa mzima na kula nyumba yoyote iliyopakua, wala hakuna mama aliyepiga simu kuuliza. Ni kweli. Lakini mama zetu walikuwa wanajua mambo mengi. Walijua nyumba ipi imefikiwa na mgeni, kaka gani anarudi amelewa, kisima cha nani hakina mfuniko, mbwa wa nani amevunja mnyororo. Habari hizo ziliwafikia wenyewe wakiwa bombani, gengeni au kwenye mkeka wa msibani. Leo tunaishi nyuma ya kuta na mageti, na mtoto anaalikwa na mwenzie wa upande wa pili wa jiji. Habari zile zile bado tunazihitaji, na njia iliyobaki ya kuzipata ni kuuliza.

Mimi hupiga simu, siandiki ujumbe, kwa sababu sauti ina heshima yake na maswali mengine yakiandikwa husomeka kama ya polisi. Naanza hivi: "Dada, asante sana kwa kutukaribisha. Kabla sijamleta, naomba nikuulize mambo yangu machache." Mara nyingi najibiwa, "Uliza tu mama, hata mimi ningeuliza."

Swali la kwanza ni nani atakuwepo nyumbani muda wote ambao mtoto atakuwa pale. Nataka kujua kama mama mwenyewe atakuwepo au atamwachia dada wa kazi, kama kuna shemeji aliyekuja kutoka mkoani, binamu wakubwa, fundi anayepaka rangi chumba cha nyuma. Simtuhumu mtu. Swali hilo hilo nawauliza dada zangu wa tumbo moja, na nawaambia hivyo waziwazi ili anayeulizwa asijione ametengwa. Nikiambiwa mama atatoka kidogo, nasema bila kuzunguka, "Basi tufanye siku ambayo utakuwepo, au waje kucheza kwetu." Hakuna aliyewahi kununa, na hata angenuna ningesema vile vile.

Swali la pili ni maji, na hapa sina haraka. Kwa mgao tulionao, karibu kila nyumba ya mjini inahifadhi maji: ndoo bafuni, mapipa uani, na nyumba nyingi zina tanki la chini ya ardhi lenye mfuniko wa zege au bati. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache sana. Kichwa chake ni kizito kulingana na mwili wake, kwa hiyo akiinama kwenye ndoo na kupoteza mizani hutangulia kichwa na hana nguvu ya kujiinua, na mara nyingi hutokea kimya, bila kelele wala rusharusha ya maji. Kwa huyu wa chekechea huwa siridhiki na jibu la simu. Nikifika naomba choo, napita uani, nauangalia mfuniko wa tanki kwa macho yangu, kama una kufuli au umewekewa jiwe tu. Nyumba yenye bwawa la kuogelea, nakaa naye hadi mwisho.

Mengine nayamaliza kwa pumzi moja: mbwa afungwe, watoto wasitumwe dukani ng'ambo ya barabara, na mwanangu asipandishwe bodaboda kwa sababu yoyote ile. Kama kuna safari ya ghafla ya kwenda kununua aiskrimu, nipigiwe kwanza.

Nami nina wajibu wa kusema ya kwangu. Mkubwa wangu ana pumu. Dawa yake ya kuvuta inakwenda ndani ya begi, mfuko wa mbele, na namwonyesha mwenyeji inavyotumika badala ya kumwelezea tu. Karatasi ndogo inakaa pamoja na dawa hiyo, imeandikwa kwa kalamu jina la mtoto, namba yangu, namba ya baba yake, na neno PUMU kwa herufi kubwa. Karatasi haiishiwi chaji. Mzazi ambaye mtoto wake ana mzio wa karanga, mayai au dawa fulani afanye vivyo hivyo, na aseme kwa mdomo pia, maana kwetu mgeni hupewa chakula kabla hajaulizwa anakula nini.

Nije kwenye begi lenyewe, kwa sababu naona wazazi wengi wanahangaika na vinywaji. Zile tambla za chuma zenye mrija zilizojaa Kariakoo ni kitu kizuri kwa joto letu la Januari na Februari, ili mradi ununue iliyo ya kweli. Ya kweli ina kuta mbili za chuma, na katikati hewa imeondolewa, ufundi ule ule wa chupa ya chai aliobuni James Dewar mwaka 1892. Pasipo hewa, joto halina njia rahisi ya kupenya ukutani, kwa hiyo sehemu kubwa yake hupitia kwenye mfuniko. Kuipima ni rahisi. Mwombe muuzaji maji yanayochemka, mimina ndani, subiri dakika chache, kisha shika ubavu wa nje. Ukiwa wa moto, kuta zake hazina utupu ndani na barafu yako haitafika mchana. Muuzaji anayejua bidhaa yake hakatai jaribio hilo.

Wengi wanasugua chupa ndani na kusahau mpira wa mfuniko. Utoe kwa mpini wa kijiko, uchungulie chini yake. Kama ndani kulipita maziwa au juisi ya embe utakuta utelezi na vidoa vyeusi vya ukungu, na harufu ambayo mtoto amekuwa akiilalamikia bila kueleweka. Naloweka mpira na mrija kwenye maji ya moto yenye siki, nasugua kwa mswaki wa zamani, naanika hadi vikauke kabisa ndipo narudishia. Jiki siitumii, inaharibu chuma. Soda siweki, kwa sababu gesi ikijaa mfuniko unaweza kuruka ukampiga mtoto usoni.

Uji nautenga. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Uji wa maziwa na karanga uliofungwa ukiwa vuguvugu huanza kuharibika wakati watoto wanacheza. Kwa hiyo nachemsha maji kwanza, napasha chupa ya chai kwa dakika kama tano, namwaga, ndipo natia uji unaotokota hadi karibu na mdomo. Lakini uji wa namna hiyo unaunguza vibaya. Chupa hiyo naikabidhi kwa mama mwenyeji mkononi, yeye ndiye amimine na kupooza. Kwenye tambla ya mtoto nabakiza maji tu.

Na mtoto mwenyewe anaandaliwa. Tukiwa njiani tunarudia namba yangu ya simu, ambayo tulimfundisha kwa kuiimba hadi ikakaa kichwani. Tunarudia kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo za ndani hazishikwi na mtu, na kwamba siri ambayo mtu mzima anakukataza kumwambia mama ndiyo unayotakiwa kumwambia mama. Tuna neno letu la familia pia. Mtu akija kukuchukua akasema nimemtuma, mwulize neno. Asipolijua, huondoki naye, hata akiwa ni mtu unayemfahamu. Anajua vilevile kwamba akitaka kurudi, hata kama amefika muda si mrefu, apewe simu anipigie nami nitakuja bila kumfokea. Ziara ya kwanza huwa fupi, kuanzia saa nne hadi saa sita mchana, hata pale mwenyeji anaposema aache ashinde. Akiingia ataamkia watu wote, akimaliza kucheza ataokota alivyovitawanya. Haendi mikono mitupu. Machungwa au ndizi zinatosha. Akiwa na homa au anaharisha, haendi kabisa.

Muda wa kumfuata nauheshimu kama miadi ya daktari, na nikikwama kwenye foleni napiga simu mapema. Kwenye gari simuulizi kama amefurahi, maana swali hilo lina jibu moja. Namuuliza mlicheza chumba gani, nani aliwapikia, nani alikuja mlipokuwa mnacheza, kitu gani hukukipenda. Halafu nanyamaza, nasikiliza. Watoto huanza na habari za mdoli na mpira, jambo lenyewe likaja baadaye wakati wa kuoga au kulala, kwa hiyo jioni hiyo simu yangu naiweka mbali. Akikuambia kitu kinachokutia wasiwasi, mwamini kwanza, usimpe maneno ya kusema, na kumbuka namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bure.

Wiki zinazofuata zamu inakuwa yetu. Mzazi anayemleta mwanawe kwangu simsubirishi mpaka atafute ujasiri wa kuuliza. Nampitisha mwenyewe uani, namwonyesha kufuli la tanki, namtambulisha kwa dada wa kazi kwa jina, namwambia nani yuko nyumbani leo na nani atafika saa ngapi.