Mchungaji na Majina ya Kondoo Wake

Somo: Ezekieli 34:1–16, Yohana 10:1–16



Katika lugha yetu neno moja lawafaa watu wawili: yeye achungaye kondoo malishoni, na yeye aliyewekwa kulitunza kanisa. Wote wawili twawaita wachungaji. Lakini mkaaji wa Kariakoo aweza kukaa miaka kumi asione zizi. Tumfundisheje basi maana ya neno hili? Na tuanze na jina la mahali penyewe.

Kariakoo ni jina lililotokana na Kiingereza, jina la kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita ya 1914–1918. Dar es Salaam ilipotekwa mwaka 1916, wapagazi hao walipiga kambi hapa. Katika vita ile walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao si kwa risasi, bali kwa maradhi na njaa na kuchoka. Jeshi liliwahesabu kwa sababu ya mizigo. Lakini makaburi ya wengi hayajulikani hata leo.

Sasa mtazameni Mchungaji Mwema. Yeye pia ahesabu, kwa maana katika Luka 15 ajua kwamba waliobaki ni 99. Lakini ahesabu kwa ajili ya yule mmoja asiyekuwapo. Katika Yohana 10 amjua kila kondoo kwa jina, naye autoa uhai wake. Bali mtu wa kuajiriwa humwona mbwa-mwitu akakimbia, kwa kuwa kundi si mali yake.

Nabii Ezekieli awashitaki wachungaji wa Israeli kwamba walijilisha wenyewe. Mgonjwa hawakumponya, aliyevunjika hawakumfunga, aliyepotea hawakumtafuta. Hatari ya mji ni hii hii. Kijijini mtu asipoonekana kanisani, jirani huuliza. Mjini kanisa hujaa, sadaka hutosha, nasi twadhani kundi ni zima, kumbe kijana mmoja yu kitandani chumbani mwake siku ya tatu, wala hakuna amwulizaye. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wengi walipotewa na mali zao. Je, kila mzee wa kanisa alijua ni nani wa mtaa wake aliyeunguliwa? Alimwendea, au alingoja aje mwenyewe?

Labda mtu atasema, “Mchungaji mmoja hawezi kuwajua watu wote hawa.” Ni kweli. Ndiyo sababu Petro aliwaandikia wazee, wala si mtu mmoja (1 Petro 5:1–4), akiwaonya wasitunze kundi kwa tamaa ya fedha wala kwa kujifanya mabwana. Wafanyabiashara wetu husema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Je, roho za watu si zaidi ya mali?

Maswali kwa walimu na wazee:

1. Kuna tofauti gani kati ya kuwahesabu watu na kuwajua?
2. Katika makosa yale ya Ezekieli 34:4, ni lipi lililo karibu nasi?
3. Andika majina matatu ya watu wa mtaa wako usiowaona mwezi huu. Nenda kwao kabla ya Jumapili.

Nasi tuendao kutafuta tu kondoo pia, na Mchungaji Mkuu atujua kwa majina. Yeye awatie nguvu. Amin.